Kidole Mwanzoni mwa Orodha

Kila siku akitoka shule, Kidole alipitia zahanati ambako mama yake mdogo alikuwa muuguzi. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu, hadi darasa la sita, bado alisoma huku kidole kikitembea chini ya mstari. "Angalia mkono usichoke kabla ya macho," walimtania. Alicheka nao, ingawa jina hilo lilimkera.

Zahanatini alikuwa na kazi yake. Alifungua faili la watoto wa chanjo kwenye kompyuta, akaisoma orodha kuanzia juu, kisha akaongeza watoto wapya. Kila mtoto alikuwa na mstari mmoja: jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya sindano. Fundi aliyetengeneza programu hiyo alisisitiza jambo moja tu: kabla ya kuandika, bonyeza kitufe cha Mwisho.

Ijumaa hiyo wenzake walimsubiri nje na mpira. Kidole alifungua faili, hakusoma, hakubonyeza Mwisho. Akaandika watoto watatu mbiombio, akahifadhi. Alipotupia jicho orodha, akasogeza uso karibu na kioo. Wale wapya walikuwa wamekaa mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Waliokuwa hapo hawapo.

Alijua maana yake. Mapacha wa fundi cherehani, waliokuwa juu kabisa ya orodha, walikuwa wachanjwe kesho, na dawa huletwa kwa idadi iliyo kwenye orodha. Asiyeandikwa hurudi nyumbani hivihivi.

"We Kidole, umelala humo?" sauti ikaita kutoka nje.

Nani angejua? Kompyuta huharibika zenyewe kila siku. Akashika kitasa cha mlango. Kisha akawakumbuka wale mapacha, namna wanavyopokezana kulia mgongoni na kifuani kwa mama yao. Akageuka.

"Mama mdogo, nimeharibu orodha. Nimefuta watoto, sijui wangapi."

Muuguzi aliiangalia orodha. Hakufoka. Alimpigia simu yule fundi wa programu.

Fundi alifika na mkoba wake wenye mkanda uliofungwa kwa waya. "Umegusa nini baada ya hapo?"

"Sijagusa kitu, mjomba."

"Basi umenipunguzia nusu ya kazi." Akavuta kiti. "Sikiliza. Kompyuta nayo inasoma na kuandika kwa kidole, kama wewe. Faili likifunguliwa, kidole chake kinakaa mwanzo kabisa. Ukiandika hapo, haiwasogezi waliopo, inawafunika. Ukibonyeza Mwisho, unakipeleka kidole chini, penye nafasi. Umeandika watatu, umefunika watatu. Wengine mia mbili na kumi wamekaa kwao, hawana habari."

Muuguzi alishusha pumzi ndefu. "Na hao watatu ni akina nani?"

Fundi alikuna kichwa. Hiyo hata yeye hakuijua.

Kidole alifumba macho. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya meza tupu, mstari kwa mstari, kama kila siku. "Wa kwanza na wa pili ni mapacha wa fundi cherehani. Wa tatu ni binti wa kinyozi."

Alitumwa mbio kuazima kadi zao za chanjo, wenzake wakimsindikiza na mpira kwapani. Aliporudi, fundi alikuwa amewahamishia wale wapya mwisho, kisha amekirudisha kidole cha kompyuta mstari wa kwanza. "Andika mwenyewe," alisema. Kidole akaandika taratibu, akisoma kila herufi mara mbili.

Kesho yake asubuhi mapacha waliitwa wa kwanza. Walidungwa, wakalia kwa zamu, na Kidole akajikuta anacheka peke yake.

"Unawacheka wenzio?" muuguzi aliuliza.

"Hapana, Mama mdogo. Nafurahi wanalia."

Muuguzi alimvuta karibu. "Mwanangu, kukosea tunakosea sote. Ungekwenda zako jana, leo hawa wangerudi bila chanjo, nasi tusingejua tumewapoteza wapi. Kosa liseme lingali la mistari mitatu."