Kanda ya Mwisho ya Jalovina

Albina alikwenda kufunga koki ya maji, basi. Redio ilikuwa imetangaza kwamba baridi ingeshuka chini ya sifuri, na nyumba ya marehemu mdogo wake, Ciril, haikuwa na mtu wala moto kwa wiki sita sasa. Mabomba yangepasuka. Akavaa koti lake zito, akateremka ngazi za mlima polepole akishikilia reli, na saa kumi na nusu jioni, giza la Novemba likiwa tayari limeingia bondeni, alikuwa anabonyeza kengele ya jirani wa Ciril ili achukue ufunguo.

Rezika alifungua mwiko ukiwa mkononi. Harufu ya funšterc, ile chapati nene ya mayai ya wachimba makaa, ilitoka pamoja naye. Nyuma yake wajukuu wawili walikuwa wanagombea kiti.

"Afadhali umekuja, shoga yangu. Mabomba ya ndugu yako yatanitia wazimu!"

"Mabomba gani?"

"Yanagonga. Kila siku, ikifika saa kumi na moja. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Halafu yanaanza tena. Tangu tulipomzika!"

"Alipokuwa hai hayakuwa yanagonga?"

"Yalikuwa yanagonga, lakini mara moja tu, halafu yanatulia. Nilijua ni yeye na vyuma vyake." Rezika akatikisa mwiko. "Leo yakianza, haki ya Mungu, nachukua ufagio nayajibu."

"Acha ufagio wako. Nafunga maji sasa hivi."

Nyumba zile za wachimba makaa zilijengwa kwa safu moja ndefu, migongo yake imeegemea mlima. Albina alikulia humo. Lakini ndani kwa Ciril hakuwa ameingia kwa miaka arobaini. Mwaka wa themanini na tatu mdogo wake alimzuia mlangoni, uso mweupe kama chokaa, akamwambia: "Dada, usije tena jioni." Baadaye hata asubuhi akawa hamkaribishi. Albina alipofiwa na mume, Ciril alikuja mazishini, akasimama mbali na watu, na kabla ya saa kumi na moja alikuwa ameshaondoka. Hakumshika hata mkono.

Albina aliamini ni majivuno ya wanamuziki. Maana Ciril alikuwa mmoja wa bendi ya Jalovina, wale vijana watano, wana wa wachimbaji, waliopiga nyundo kwenye mataruma ya reli na matangi ya mvuke badala ya ngoma. Walivaa nguo za kazi za baba zao, wakapuliza ving'ora hadi wazee wa mji wakawafungia kumbi zote. Santuri zao zikafika Berlin, zikafika London. Kisha, walipokuwa wanaanza kujulikana, wakanyamaza ghafla. Hawakurekodi tena.

Akafungua mlango.

Harufu... Makaa mabichi. Makaa yaliyotoka ardhini saa hiyo, yenye maji. Na mgodi ulikuwa umefungwa miaka mingi.

Akafunga koki ya jikoni. Akafungulia bomba, akasubiri hadi tone la mwisho lilipoanguka. Angeweza kurudi kwake wakati huo. Lakini mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi, naye alitaka kuona mdogo wake alikuwa anaishi vipi.

Kulikuwa na kiti kimoja tu, kilichoelekezwa kwenye ukuta wa nyuma.

Ukuta ulikuwa na shimo dogo, laini kama bakuli, pale ambapo mkono wa mtu aliyekaa ungefika. Plasta ilikuwa imelika. Tofali nalo lilikuwa limelika. Ndani yake lilionekana jiwe jeusi la mlima.

Kando ya kiti palikuwa na kinasa sauti cha zamani, kanda ikiwa tayari imewekwa. Juu ya boksi lake Ciril alikuwa ameandika: Kanda ya mwisho. Isikatwe.

Albina alibonyeza kitufe. Hakuwa na sababu nyingine. Alitaka tu kusikia sauti ya ndugu yake.

Kwanza mvumo wa kanda. Maji yanadondoka mahali. Kisha nyundo tano juu ya chuma, nzito, za pamoja, zikirudi na mwangwi mrefu. Walikuwa chini ya ardhi. Nyundo zikaendelea na kuendelea, hadi kifua cha Albina kikawa kinazifuata. Kisha mtu akasema, "Kimya." Zikakoma.

Watu watano wanapumua gizani.

Ngo. Ngo. Ngo.

Haikuwa nyundo. Ilitoka mbali, nyuma ya jiwe.

"Msijibu," mtu akanong'ona kwenye kanda. Ilikuwa sauti ya Vinko, kiongozi wao. "Jamani, msijibu..."

Kikasikika kicheko cha kijana, kicheko ambacho Albina alikuwa amekisahau. Ciril, wa miaka ishirini na saba. Na nyundo yake: Ko. Ko.

Kisha mayowe, viatu vinakimbia, kanda ikaisha. Gurudumu likazunguka bure, tap, tap, tap. Albina akalizima.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kanda ilikuwa imezimwa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja kamili.

Alitoa simu, akampigia Vinko. Vinko ndiye peke yake aliyebaki kati ya wale watano, mzee sasa, yuko nyumba ya kulelea wazee. Alikuwa amempigia Albina simu ya rambirambi.

"Vinko, niko kwa Ciril. Ukuta unagonga."

Sauti ya Vinko ikashuka kabisa. "Umejibu?"

"Bado. Ni nini hiki?"

"Baba yangu angekwambia ni perkmandeljc, kile kijitu cha mgodini. Mimi sijui, dada. Mwisho wa ile njia tuliyoingia kurekodi ulizibwa na babu zetu wakati wa moto mkubwa. Walijenga ukuta ili moto ukose hewa. Wengine wanasema walimaliza kujenga kabla watu wote hawajatoka."

Ngo. Ngo. Ngo.

Albina alifanya kazi chumba cha taa cha mgodi miaka thelathini. Aliwakabidhi wachimbaji taa zao wakishuka, akazipokea wakipanda. Ishara alizijua kama jina lake. Aliyefukiwa hugonga mara tatu. Aliye nje hujibu mara mbili. Tumekusikia. Tunakuja.

"Ciril alimwahidi," akasema taratibu.

"Alimwahidi kwa mzaha. Na hakuna aliyekwenda kumfukua. Kwa hiyo kila siku ilibidi amwambie tena. Alikwambia usije ili yule wa nyuma ya jiwe asije akakusikia wewe."

Miaka arobaini. Albina alishika mgongo wa kile kiti. Miaka arobaini alikuwa amemkasirikia.

"Asipojibiwa?"

"Atauliza, na kuuliza, hadi apate wa kumjibu. Yeyote. Toka humo, dada Albina."

Ng'ambo ya ukuta wa pembeni, sauti ya Rezika ikapanda. "Unayasikia? Unayasikia hayo? Nipe ufagio huo! Nipe, wewe!" Mtoto akacheka. Hatua zikaja mbio.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kule kwa Rezika kulikuwa na watoto wawili na chakula mezani. Kule kwa Albina, juu mlimani, kulikuwa na redio.

Akajirusha kitini, akaingiza mkono kwenye lile shimo.

Ko. Ko.

Ukuta ukatulia. Kule jirani, Rezika akaguna kwa ushindi. "Mnaona? Nimeutikisa tu ufagio, yameogopa."

Kwenye simu, Vinko alikuwa analia.

Wiki ile ile Albina alihamia kwa Ciril. Alimwambia Rezika kwamba ngazi za kule juu zimemshinda, na Rezika akaamini. Mabomba yalitulia, majirani wakafurahi. Albina akawa hakubali mgeni baada ya saa kumi. Akienda sokoni, alirudi mbio. Vinko alimpigia kila asubuhi, naye kila asubuhi alimjibu kwamba hajambo.

Hakumwambia ukweli. Hakumwambia kwamba kwa miaka kumi na moja, tangu mumewe afe, hakuna mtu aliyekuwa anamsubiri popote. Sasa kulikuwa na saa yake. Saa kumi na moja kitu fulani kilimtafuta, naye alikuwepo.

Mwezi wa pili wa kuishi humo, Vinko alipiga simu jioni. Dawa zilikuwa zimemchanganya, alidhani kumekucha. Albina alipokea kwa mkono wa kushoto. Ukuta ukagonga mara tatu. Kwa mkono wa kulia, akajibu.



"Dada," Vinko akanong'ona, "nani yuko hapo nawe?"

"Niko peke yangu."

"Jibu tena. Nisikie."

Wakasubiri. Ngo. Ngo. Ngo. Albina akagonga.

"Kuna mwingine anajibu," Vinko akasema. Pumzi zilikuwa zinamkatika. "Yuko nyuma yako kidogo tu. Anachelewa. Dada, tulipokuwa tunarekodi santuri zetu zote saba tulimtukana Ciril kwa hilo. Mkono wake ulikuwa mzito, kila pigo lake lilichelewa kidogo. Mafundi wa sauti wa Ljubljana walitaka kumfuta. Tukakataa. Tuliwaambia hiyo ndiyo sauti ya Jalovina."

Albina aliinama hadi sikio lake likagusa jiwe. Baridi ilimuuma shavu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Akagonga mara mbili. Safari hii hakusikiliza mkono wake mwenyewe. Alisikiliza kilichofuata.

Ko. Ko.

Kutoka ndani ya jiwe.

"Toka humo!" Vinko alikuwa anapiga kelele. "Dada, unanisikia? Yeye hajibu, anakuita! Toka sasa hivi!"

Albina aliiweka simu sakafuni taratibu. Haikukatika. Sauti ya yule mzee iliendelea kutoka humo, ndogo, kama ya mdudu ndani ya kopo.

"Ciril?" akauuliza ukuta. "Ni wewe, mdogo wangu?"

Hakuna kilichogonga.

Akasubiri, mkono juu ya jiwe. Kisha akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwenye kanda, wala katika jioni zake zote za nyumba ile. Kilianza chini, karibu na miguu yake, kwa upole, bila haraka.

Mtu alikuwa anachimba.