Rangi ya Nne Ukutani

Jioni ya kwanza filamu ilikuwa ya jangwani. Skrini nzima ilikuwa mchanga na jua, na watu wawili waliopotea na ngamia wao, lakini ukuta wa nyuma ya televisheni, upande mmoja, ulikuwa unawaka kijani kizito, kama maji ya mtaro yaliyotuama.

Chapuchapu hakuona tatizo. Mtu aliyetoka kufunga taa mpya kwa mikono yake mwenyewe haoni tatizo; kipya kinyemi ingawa kidonda. Alikuwa amekaa mbele ya kazi yake, amekunja nne kama bwana harusi.

"Naziona rangi, mwanangu," mama yake alisema kutoka pembeni mwa kochi. "Ile ya manjano inapendeza. Na huyo wa kijani ni nani?"

"Ni miti, mama."

Mkewe alimtazama yeye, kisha akaitazama skrini. Jangwani hapakuwa na mti hata wa dawa.

Chapuchapu lilikuwa jina la kazini. Alikuwa fundi makochi, na wateja walimwita hivyo nusu kwa sifa, nusu kwa malalamiko, maana kochi ukilipeleka asubuhi utalikuta tayari kabla jua halijasimama. Siri ya wepesi wake haikuwa kubwa. Mafundi wengine huvua kitambaa cha zamani, wakang'oa pini moja moja, wakakagua springi na sponji. Yeye alivika kipya juu ya kile cha zamani, akapiga stepla, akampigia mteja simu. Mungu amsamehe, lakini ukweli ndio huo.

Pamoja na haraka zake, mtu huyu alimpenda mama yake kupita kiasi. Bibi yule alikuwa amevimba miguu, hawezi kusimama bila kushikwa, na macho yake yalikuwa yamefifia mpaka nyuso za watu kwenye televisheni zilikuwa ukungu mtupu. Rangi tu ndizo alizobaki nazo. Ndiyo maana Chapuchapu aliposikia kuna taa zinazofuata picha hakulala vizuri mpaka akazinunua. Ni utepe wa taa ndogondogo unaobandikwa nyuma ya televisheni, na kamera ndogo inayokaa juu yake, ikiichungulia skrini na kuzipeleka rangi zake ukutani, ili picha ionekane imemwagika nje ya kioo. Alifikiri hivi: kukiwa na moto ukuta utakuwa mwekundu, kukiwa na bahari utakuwa bluu, na mama ataifuata hadithi kwa rangi badala ya kukaa gizani akiuliza nani kamfanya nini. Karatasi ya maelekezo aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba.

Siku zilizofuata nyumba haikutulia. Mkewe, aliyekuwa akifanya kazi duka la viatu na kurudi amechoka hoi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushindwa kukaa. Angeketi, akainuka kwenda kunywa maji, akarudi, akaegemea mlango, akaenda tena. Ukimuuliza ana nini, anasema hana kitu. Chapuchapu naye alianza kuinuka kila mara kurekebisha mto, kufunga dirisha, kulifungua. Kulikuwa na harufu, si kali, ya sponji lililolowa likakaukia kivulini. Na kulikuwa na sauti. Springi za kochi zililia taratibu, ngii, kama zinavyolia mtu anapojishusha kuketi, na fundi makochi haulizi sauti ile ni ya nini, anaijua kama anavyojua kikohozi cha mkewe. Alihesabu waliokuwa chumbani. Wote walikuwa wameshakaa zamani.

"Umesikia?" mkewe alinong'ona.

"Ni kochi jipya, linajizoeza."

"Kochi si jipya. Kitambaa ndicho kipya."

Mama yake alikuwa akitabasamu kuelekea ukutani, mkono wake umelala juu ya nafasi tupu pembeni yake.

Jumapili akaja kaka yake mkewe, fundi wa kufunga kamera za ulinzi madukani, mtu wa utani na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Alipozunguka nyuma ya televisheni kukagua waya alianza kucheka kabla hajasema.

"Shemeji! Wewe na haraka mlizaliwa mapacha? Kamera umeigeuza."

"Nimeigeuza vipi?"

"Inatakiwa iangalie skrini. Hii inawaangalia nyinyi. Rangi zote hizi mnazozishangaa ni zenu wenyewe! Siku zote hizi mmekuwa mkijitazama mkidhani ni filamu."

Walicheka wote, hata mama. Shemeji akatokeza kichwa juu ya televisheni, akaanza kuonyesha ukutani kwa kidole kama mwalimu wa chekechea.

"Nyeupe hii ni shati lako. Nyekundu ni gauni la dada. Kijivu huku chini ni kochi. Manjano ni shali ya mama. Mimi niko nyuma, kamera hainioni. Na hii kijani ni..."

Kicheko kikamkatikia mdomoni. Alilitazama kochi. Kati ya mkewe Chapuchapu na mama palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na nafasi ile ilikuwa na kitambaa cha kijivu tu.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, "hebu inuka taratibu, uje huku."

Aliinuka. Nyekundu ikatoweka ukutani. Chapuchapu naye akainuka, nyeupe ikaondoka. Ikabaki manjano, na kijani. Kisha, wakiwa wamesimama hivyo, springi zikalia, ngii, na kile kijani kikasogea polepole kuelekea manjano kama mtu anayejisogeza amwambie mwenzake neno sikioni.

"Mbona mmenyamaza?" mama aliuliza. "Nani amezima sauti?"

Jikoni, mlango umefungwa, mkewe alimshika Chapuchapu kola.

"Kochi lile ulilitoa wapi? Niambie ukweli."

Alisema ukweli. Mama mmoja asiyemfahamu alilileta karakana, limevikwa mahameli ya kijani iliyochakaa, akamwambia maneno machache: vua nguo yote ya zamani, usiache hata uzi, uichome. Halafu hakurudi tena. Chapuchapu alisubiri, akachoka, akaona mama yake anakaa kwenye kiti cha mbao kinachomuumiza, akalileta nyumbani.

"Na ile mahameli uliichoma?"

Alitazama miguu yake. "Nilivika juu."

Walichomoa waya wa taa usiku huo, na hilo likawa kosa, maana giza lilipotanda ndipo walipogundua kwamba kujua jini yuko wapi kunatisha, lakini kutojua kunatisha zaidi. Kila aliyeketi alihisi kuna mtu kaketi. Wakaurudisha waya.

Mama alianza kuomba vikombe viwili vya chai, akavimaliza vyote. Alikataa kwenda kulala chumbani. Walipojaribu kumnyanyua, mwanawe na shemeji wakivuta, alikuwa mzito kupita akili, bibi ambaye Chapuchapu alizoea kumbeba peke yake, naye alipiga kelele kama anayechunwa ngozi mpaka wakamwachia. Na miguu yake, ile iliyovimba, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa imelala tu chini kama magunia, ilianza kupigapiga sakafu mchana kutwa, tap, tap, tap, kama ya mtu anayesubiri gari lililochelewa.

"Mama, miguu inauma?"

"Miguu gani?" alijibu, bila kugeuza uso.

Ukutani, manjano ilikuwa imebaki nusu. Chapuchapu alilia siku hiyo karakanani, amejifunika uso kwa kipande cha sponji ili wateja wasimwone.

Walimleta mkunga mstaafu aliyekaa mtaa wa pili, bibi mfupi mwenye viganja vipana, ambaye watu walimwita kwa uzazi na kwa mambo mengine yasiyotajwa mchana. Hakuja na mbwembwe. Alikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana, akaomba mapazia yashushwe ili rangi zionekane, akauliza maswali yake, na Chapuchapu alipoanza kuzungushazungusha maneno alimkatiza.

"Mficha uchi hazai, baba. Sema yote."

Akasema yote. Mkunga alisikiliza akiutazama ukuta.

"Sikiliza basi. Mimi nitamwita aliyekalia kochi hilo atoke. Mlango uwe wazi. Utamsikia akipita. Akishapita funga, utie komeo, na usifungue tena, maana anayetoka kwa kuitwa hivi akirudi hurudi na nguvu. Lakini kwanza mama anyanyuke hapo. Mimi naita tu, sina uwezo wa kuchagua. Wakikaa wawili pamoja, atatoka aliye mwepesi."

Wakamshika mama. Shemeji kushoto, Chapuchapu kulia, mkewe kiunoni. Hakunyanyuka hata upana wa kidole. Mkunga akasema waendelee, wasichoke, hata kama ni mpaka jioni, hata kama ni mpaka kesho, uzazi mgumu hausukumwi. Lakini ukutani kijani kilikuwa kinapanda juu ya manjano mbele ya macho yao, na mama alikuwa ameanza kukoroma kwa macho wazi.

"Anza, bibi!"

"Bado hajanyanyuka."

"Anakwisha! Huoni anakwisha? Anza tu, nakuomba, anza!"

Mkunga alimtazama kwa huruma kubwa. "Haya," alisema. "Nenda mlangoni."

Aliita. Hakupaza sauti, aliita kwa chini, kama unavyomwita mtoto aliyejificha chini ya kitanda, na kadiri alivyoita ndivyo ile harufu ya sponji lililolowa ilivyozidi mpaka ikawa inaonjeka ulimini, na taa za nyuma ya televisheni zikaanza kuhangaika, nyekundu ikirukia mahali pa kijivu na kijivu mahali pa nyekundu, na springi za kochi zikalia zote kwa pamoja, za mbele na za nyuma na zile ambazo Chapuchapu alijua kabisa kwamba zilishavunjika na hazina sauti, na mkewe akapiga yowe, na kitu, kitu chepesi sana, chepesi kuliko alivyotarajia, kikapita mlangoni karibu na mkono wake, kikamgusa kidogo tu kwenye kifundo, kama mtu anayetafuta pa kujishikia ili asianguke.

Akaubamiza mlango. Akatia komeo. Alifanya haraka kama alivyofanya kila kitu.

"Ametoka!" alisema, anacheka na kulia. "Ametoka jamani, nimemsikia!"

Shemeji alikuwa ameganda kando ya televisheni, kidole kimeelekea ukutani. Palikuwa na nyekundu ya dada yake. Palikuwa na kahawia ya nguo ya mkunga. Na mahali pa mama, kuanzia juu hadi chini, palikuwa na kijani kitupu.

Mama alikuwa amekaa wima kwenye kochi, shali ya manjano mabegani.

Kisha mlango ukagongwa. Uligongwa chini, usawa wa mtu asiyeweza kunyooka.

"Mwanangu," sauti ilisema kwa nje, imechoka. "Nifungulie. Miguu inaniuma."

"Usifungue," mama alisema kutoka kwenye kochi. "Umeambiwa usifungue."

Chapuchapu aligeuka kwa mkunga, mkono juu ya komeo. "Bibi, nifungue?"

Mkunga alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyake vipana. "Sijui, mwanangu," alisema. "Wallahi sijui. Nilitaka umnyanyue kwanza."

Alisimama pale. Sauti iliita tena, ikiwa mbali kidogo, na tena, ikiwa mbali zaidi, kama ya mtu anayepelekwa na watu asiowajua na hataki kuwaudhi. Alipolivuta komeo hatimaye, nje kulikuwa na jua, na jirani anaanika nguo, na mtoto anaendesha baiskeli bila breki. Nyuma yake springi zililia kwa mara ya mwisho. Mama yake alikuwa amesimama, bila mkono wa mtu, akampita pale mlangoni, akatoka kwenda kutembea.

Mtaa mzima ulikuja kutoa hongera. Bibi aliyekuwa hawezi kwenda chooni peke yake sasa huzunguka vichochoro asubuhi na jioni, haketi, hachoki, anasalimia kila mtu, na watu humwambia Chapuchapu kwamba Mungu amemwona. Yeye huitikia asante. Kochi alilichoma, mahameli na yote, lakini lilikuwa limeshabaki tupu.

Mlango wa nyumba ile hauna komeo tena, wala haufungwi. Kila jioni Chapuchapu huwasha taa, kamera imeelekezwa mlangoni, naye huketi sakafuni akiutazama ukuta. Mkewe humletea chai, akasimama nyuma yake kidogo.

"Umeiona manjano?"

"Bado."

Huko nje wanamsikia mama akipita dirishani, halafu akipita tena.