Matawi Tisa Yasiyo na Mizizi

Kisa hiki nilipewa na Benta, jirani yangu hapa Kiandutu, Thika. Ilikuwa Jumapili mwaka jana, baada ya ibada, tukichambua mboga mlangoni pake. Alisema niwaandikie watoto, na bintiye Cindy akakubali.

Cindy alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila jioni akitoka shule alivua sare, akachukua mtungi, akashuka kijitoni kumwagilia miche yake ishirini ya mti wa mukinduri. Kila mwanachama wa klabu ya mazingira alikuwa na safu yake, na miche yote ilikuwa mia mbili.

Miche hiyo ilikuwa na historia. Kwa miaka mingi kiwanda kimoja cha ngozi kilimwaga maji machafu kijitoni. Maji ya kununua yalitosha kunywa na kupika tu, kwa hivyo watu waliogea yale ya kijito, wakatoka vipele. Ronny, mdogo wake Cindy, alijikuna hadi shuka likapata damu. Maafisa wa mazingira walipokishika kiwanda, yaliafikiwa haya: kisafishe maji yake, na sehemu ya faini ifanye kazi ya kuwafaa walioumizwa. Kwanza ipandwe miti ya kushikilia kingo za kijito, kisha liletwe bomba la maji safi, kwa kuwa kijito kingekawia kutakata. Lakini siku ya kuhesabu, miti hai isipungue mia moja na sitini. Ikipungua, bomba lingoje mingine ipandwe wakati wa mvua.

Januari jua liliwaka. Cindy akaanza kupitia uwanjani kucheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake, akijiambia atamwagilia kesho. Kesho ikawa wiki mbili. Aliposhuka alikuta miche tisa imekauka, inavunjika mkononi kama njiti za kiberiti. Na Bi. Ndinda, afisa wa mazingira, alikuwa anakuja kuhesabu siku iliyofuata.

Ngigi, mwenye safu ya jirani, alimcheka kwanza, kisha akamwonea huruma. Alimwonyesha mukinduri mkubwa ulio juu ya mteremko, akamwambia akate matawi mabichi ayachomeke kwenye mashimo.

"Yule mama huhesabu kijani, hang'oi," alisema. "Lakini usiseme ni mimi nimekuambia."

Cindy alichomeka matawi tisa, akayamwagilia maji ili udongo uonekane umetunzwa.

Jioni hiyo Benta alishuka kufua nguo. Aliona majani yamelegea, akavuta tawi moja, likatoka bila mzizi. Alirudi nalo nyumbani, akaliweka mezani mbele ya Cindy, akaketi. Hakufoka. Aliuliza tu ni mangapi. Cindy akasema tisa, akaanza kulia, akieleza kwamba aliogopa bomba litakosa kuja na Ronny asipone.

"Sikia, mama," Benta alimwambia bintiye. "Unajua nilikuwa kibarua pale kiwandani. Wakaguzi wakija, msimamizi alinipa mpira wa maji. Kazi yangu ilikuwa kumimina maji safi mtaroni mpaka wajaze chupa zao waende. Nilishika ule mpira mara tatu, na kila nikirudi hapa namkuta Ronny anajikuna."

"Lakini ulienda ukawaambia."

"Niliwaambia, nikafutwa. Ningesema ile mara ya kwanza, ngozi ya mtoto isingefika pale. Haya matawi ni ule mpira, Cindy. Sasa umeushika wewe."

Kesho yake, kabla Bi. Ndinda hajafungua daftari, Cindy alipita kwenye safu yake mbele ya klabu nzima, akang'oa matawi yote tisa, akayaweka miguuni pa afisa huyo. Miti ikahesabiwa. Hai ilikuwa mia moja hamsini na sita. Watoto walimsihi Bi. Ndinda aongeze minne tu.

"Nikiwaandikia nyinyi uongo," alisema, "kesho kiwanda kitaniomba niandike kwamba maji yake ni safi. Nitakikatalia kwa mdomo gani?"

Bomba likangoja. Wenzake walimbandika Cindy jina la Mama Ukweli, na akipita na mtungi walimwuliza kama hayo ndiyo maji anayowaletea. Kilichomuuma zaidi ni kumsikia Ronny akijikuna.

Mvua ya Aprili ilipoanza, alipanda miche mingine tisa. Siku hiyo Ngigi alikuja na jembe, akachimba mashimo pamoja naye, kisha akawaambia wenzake kwamba yale matawi yalikuwa wazo lake. Jina la Mama Ukweli likafifia. Klabu ikajaza mashimo yote yaliyobaki, na Julai Bi. Ndinda alipata miti hai mia moja themanini na mmoja.

Bomba lilifika Agosti. Wiki chache baadaye, vipele vya Ronny vilikuwa vimekauka. Jioni moja, Cindy akimwogesha, mama yake alisema polepole, "Haya maji yamechelewa, na sisi tunajua kwa nini. Ukikosa, sema mapema, kosa lirekebishwe. Ukilificha, atakayeumia ni mtu asiyehusika."

Cindy aliitikia kwa kichwa, akamfuta mdogo wake, wakalala. Benta alibaki macho kidogo, akisikiliza upande wa Ronny. Hakusikia kucha zikikuna. Akavuta blanketi, naye akalala.