Wenye Mashimo Mchangani

Juu ya mwamba wa matumbawe katikati ya bahari, fundi alivuta kamba ya boti, ikaja nyepesi. Ncha yake ilikuwa imelika, nyuzi zimesimama. Boti yenyewe ilikuwa imeshachukuliwa na mkondo, pamoja na maji ya kunywa, simu na maboya yao.

"Si nilikwambia tutie nanga mchangani?"

Mtafiti wa samaki ndiye aliyekataa. Mchangani waliishi samaki wake, vidude vya urefu wa kidole cha mwisho, kila kimoja na shimo lake, na nanga ingeyafukia mashimo hayo. Kwa huruma hiyo wakaifunga kamba kwenye tumbawe, na tumbawe ni msumeno. Na usomi wote ule! Alitamani kujizaba kofi.

Maji yalikuwa yanajaa. Yakijaa kabisa, pale juu ya mwamba yangefika kwenye vifundo vya miguu tu. Cha kuua ni mawimbi. La kwanza kubwa lilimwangusha fundi likamburuta, akainuka goti limepasuka, nyama inaonekana. Mtafiti alilifunga kwa kilemba chake. Huyu alikuwa mume wa dada yake, na dada alikuwa na mimba kubwa. Angemwambia nini?

"Naogelea," fundi alisema. "Nchi kavu ile pale."

"Kwa goti hilo? Mkondo uliobeba boti utakubeba na wewe."

"Kwa hiyo tufe hapa tukitazamana?"

Mtafiti aliinama. Kwenye ufa wa mwamba, povu likipita juu, samaki mmoja wa jamii ileile alikuwa ametulia tuli. Hana kifuko cha hewa cha kumfanya aelee. Mapezi yake ya tumboni yameungana yakawa kikombe, na kwa kikombe hicho ameng'ang'ania jiwe.

"Mama Samaki, hata saa hizi unaangalia samaki?" fundi alimfokea.

"Lala humu kwenye ufa, shemeji. Kifua kwenye jiwe, kichwa kielekee wimbi. Likija usinyanyuke. Shika."

"Halafu?"

"Likishapita, vuta pumzi. Shika tena."

Wakalala. Kila wimbi liliwafunika, likawapigisha vifua kwenye jiwe, likaondoka na ngozi ya viganja. Baadaye fundi akaanza kulegea. Mkono wake mmoja ukaachia, akateleza, na mtafiti akamdaka mkanda wa suruali.

"Niache, shemeji. Nitakuzamisha."

"Nyamaza. Shika!"

Wazamiaji waliokuta boti tupu ikielea waliufuata mkondo kuelekea ulikotoka hadi kwenye mwamba. Mikono migeni ikamkamata fundi mabegani.

"Dada, mwachie, tumeshampata."

"Nimeshamwachia," mtafiti alisema, na aliamini hivyo.

Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwenye mkanda. Wazamiaji walijaribu kuvilegeza, wakaogopa kumvunja. Ikabidi fundi mwenyewe avifungue, kimoja baada ya kingine, huku analia bila aibu.