Koti Msumarini

Hii aliniambia Wanyonyi, karani wa wakili mmoja Kisumu, na Wanyonyi si mtu wa porojo.

Jioni moja alitumwa Kombewa kusoma wosia wa marehemu Odera. Nyumba iwe ya mkewe Debra na watoto, na shemeji yeyote asitundike koti lake humo ili kumrithi mjane.

Owiti, mdogo wa marehemu, akacheka. “Karatasi ya mjini haiwezi nizuia, bwana.” Akatundika koti lake msumarini.

Mvua ikashuka, stima ikapotea, chumba kikawa giza. Wakasikia kikohozi karibu na ukuta, kisha matone.

Wanyonyi akawasha tochi ya simu. Koti la Owiti lilikuwa sakafuni. Msumarini lilining'inia jingine, likidondosha matope.

“Hiyo koti,” Debra akanong'ona, “tulimzika nayo Jumamosi.”