Aliyesoma Majina

Jioni hiyo nilikuwa nimetoka kumfunga kidonda mgonjwa wa mwisho, nikapitia dukani kununua sabuni. Mimi ni muuguzi wa majumbani. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na simu ya zahanati yenye wagonjwa arobaini na mmoja: jina la kila mmoja, jina la mama yake, nyumba yake, ugonjwa wake.

Haikuwa na namba ya siri. Fundi wa kompyuta alitusihi kila mwezi: "Wekeni namba. Na simu ikipotea, niambieni saa hiyohiyo niifute kutoka hapa." Nilimwona msumbufu. Mikono ina glavu, nani ana muda wa kubonyezabonyeza?

Mlangoni mwa duka mwanamke mmoja aliniinulia mkoba ulioniponyoka. Alinuka majivu yaliyolowa.

"Pole, mwanangu," alinong'ona. "Una wagonjwa wengi."

Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza amejuaje.

Simu haikuwemo.

Sikumwambia mtu. Mwenzangu alifukuzwa kwa kupoteza kipimo cha presha, sembuse simu.

Kesho yake, Jumanne, nilikwenda kwa Mama Cherehani, mshonaji mstaafu, wa kwanza kwenye orodha. Alikuwa anakunywa maji, kikombe juu ya kikombe.

"Wewe nawe," akacheka. "Jana magharibi unasimama nje unaniita kama karani wa mahakama. Jina langu, na la marehemu mama yangu. Nimekuitikia, ukaondoka."

"Jana magharibi sikuja huku, mama."

"Sauti yako naijua."

Jumatano nilimkuta kitini, mdomo wazi. Anapumua. Macho yananifuata. Ulimi ulikuwa umekauka, mweusi, kama kipande cha soli ya kiatu.

Wa pili alikuwa mlinzi wa ghala. Mkewe alinipokea na ndoo tupu mkononi.

"Tangu umwite jana jioni, dada, anakunywa tu. Hakati kiu."

Wa tatu nilimjua. Mama wa pacha wanaonyonya. Nilijua kabisa… na jua likazama nikiwa nimenyamaza, nikilinda kibarua changu. Mimi ambaye kila siku nawaambia watu mficha maradhi kifo humuumbua.

Alhamisi asubuhi pacha walikuwa wanalia. Mama yao alikuwa ameinamia pipa, anakunywa.

Ndipo nikaenda kwa fundi.

"Imepotea lini?"

"Jumatatu."

Hakunigombeza. Akabonyeza, akasubiri, akanigeuzia kioo nione. Imefutwa.

"Simu nimeifuta," alisema taratibu. "Lakini imekaa wazi siku tatu. Aliyesoma siwezi kumfuta."

Nilizunguka nyumba zote thelathini na nane zilizobaki. Mkiitwa jua likizama, msiitike. Hata ikiwa sauti ni yangu. Hasa ikiwa ni yangu.

Walinisikia. Walinisikia mno.

Tangu siku hiyo hakuna anayenifungulia, hata mchana kweupe. Nasimama nje nabisha, na kupitia tundu la ufunguo nasikia harufu ya vidonda ninavyopaswa kuvisafisha. Nyumba nyingine kimya. Sijui wamekaza roho, au walikwisha kuitika.

Mgonjwa wa kumi na tisa ni shangazi yangu aliyenilea. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikisha.

"Shangazi, ni mimi. Nimeleta sindano za sukari."

Nikabisha tena.

"Shangazi. Jana hukuchoma."

Nguo ikachakacha nyuma ya mlango. Kisha mnong'ono, chini kabisa, karibu na sakafu.

"Na yule wa jana alisema hivyohivyo."

Nikapiga magoti. Nikatafuta kitu ambacho sikukiandika kwenye simu wala popote, kitu chetu wawili.

"Nilipokuwa na miaka saba uliniunguza mkono kwa pasi," nilinong'ona. "Ukanilamba machozi, ukaniapisha nisimwambie baba."

Nilisikia anapumua. Nilisikia anameza mate kwa shida.

"Hilo pia," akasema, "alilisema."

Nikaweka sindano kizingitini, nikaondoka.

Asubuhi nilizikuta palepale.