Herini za Sikio Moja

Saif alipompa mkewe zile herini, Azza alizikuta zina joto, kama zimevuliwa sikioni dakika ile ile.

"Mpya hizi," Saif alisema. "Nimezinunua mjini, Uhindini."

Azza alishukuru, lakini hakuzivaa. Tangu Mfungo Mosi mumewe alikuwa akijifungia katika stoo ya duka lao la Kariakoo kila adhuhuri, na akitoka ananukia udi. Ana mwanamke, aliwaza Azza, na leo nitamjua.

Alimwacha binti yao Amna dukani na baba yake, akaenda kwa Kanubhai, sonara wa mtaa wa pili. Mzee aliigeuza herini moja chini ya lenzi: kito cha garneti, chekundu kama punje ya komamanga, na lulu ikining'inia chini yake.

"Nani kakwambia mpya, mama? Kito kimezibwa nyuma kwa dhahabu. Siku hizi tunaacha wazi, mwanga upite. Hii ni kazi ya kabla ya Mjerumani. Miaka mia, haipungui."

"Basi kauziwa kuukuu."

Kanubhai aliirudisha chini ya lenzi. "Ndoano imelika mahali pamoja tu. Herini ikipita masikio mengi hulika huku na huku. Hii imejua sikio moja." Akaisukuma mbali naye. "Na hapo palipolika panang'aa. Mwenyewe kaivaa mpaka juzi."

Azza alirudi akipita katikati ya wachuuzi bila kusikia kelele zao, akihesabu moyoni umri wa mwanamke wa namna hiyo na hesabu ikimkataa, mpaka akafika dukani akakuta kaunta haina mtu, na kutoka stoo ikaja sauti ya Saif, laini, kama alivyosema naye walipooana, na kila alipokoma palifuata harufu ya udi, na chini ya udi harufu ya udongo uliochimbuliwa.

Saif akatoka, uso umempauka.

"Nani yumo?" Azza alinong'ona.

"Alikuwa mke wa babu. Kisha wa baba. Sema polepole, Azza."

"Amna yuko wapi?"

Saif aligeuka kuutazama mlango wa stoo. Mtoto akatoka gizani akitabasamu, uzi mweusi katika kila sikio, bila tone la damu.

"Mama mkubwa kanitoboa," alisema. "Hata hakuniumiza. Anasema hizo ulizoshika ni zangu."

Azza alizitupa herini sakafuni, akambeba mwanawe mpaka Ilala kwa Mwalimu Bushiri. Mwalimu akamsomea Kurani, akazikata nyuzi, akazichoma.

Asubuhi Amna aliamka na nyuzi nyingine masikioni, mpya.